Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa unasihi (ushauri nasaha) hufaa aanze na mgonjwa asiyekuwepo?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa unasihi mjini Unguja anafungua kompyuta na kuandika "Shikamoo mama." Anajibiwa na mama wa miaka 52, mkaazi wa Wete, Pemba: "Marahaba mwanangu. Mwili wote waniwaka moto, usingizi sina, moyo wanenda mbio. Hospitali wamenipima wakasema sina kitu." Mwanafunzi anaandika upesi: "Usijali mama, inshallah utapona." Mama anajibu: "Haya."

Mtu wa visiwani anaijua "haya" ya namna hiyo. Ni mlango unaofungwa kwa adabu.

Mama huyo hayupo. Ni akili mnemba (wengine husema akili unde, na mabishano juu ya jina hayajesha) iliyopewa kadi inayoeleza umri wake, maradhi yake, anachokificha na lini akitoe. Programu imepitia maandishi mengi mno, na kila mara huchagua maneno yanayoelekea kufuata, kwa kuilinganisha kadi na yale uliyoiandikia.

Kwa nini isiwe moja kwa moja hospitali? Jibu la haraka ni kwamba mgonjwa wa kweli si wa kujifunzia makosa. Lakini faida kubwa naiona mahali pengine, kwenye kikao cha usimamizi. Mwanafunzi akishakutana na mteja huketi na msimamizi wake, akamsimulia ilivyokuwa. Hapo ndipo mambo huharibika. Atasema, "Nilimfariji, akatulia." Wala hadanganyi, ndivyo anavyokumbuka, na aibu nayo imemsaidia kukumbuka hivyo. Msimamizi anabaki kusahihisha hadithi. Akija na mazungumzo ya kwenye kompyuta, kila neno lipo. Msimamizi anaweka kidole juu ya "usijali" na kuuliza: "Hapa wewe uliogopa nini?" Mwanafunzi aliyewahi kuulizwa swali hilo juu ya mgonjwa wa kuigiza, atalijibu kwa utulivu zaidi litakapohusu mgonjwa wa kweli.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows, huko Los Angeles, alianza kumfundisha mtu mzima wa afya aigize mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wapimwe naye. Kompyuta zikafuata. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu ya ELIZA, iliyoiga mtabibu kwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa maswali. Mwaka 1972 Kenneth Colby, daktari wa maradhi ya akili pale Chuo Kikuu cha Stanford, akaja na PARRY, iliyoiga mgonjwa mwenye shaka na kila mtu. ELIZA ndiyo iliyopata sifa, ila kwa mwalimu wa unasihi naona PARRY ndiyo bibi wa huyu mama wa Wete.

Huku kwetu kuna sababu ya ziada. Wanafunzi wamezoea kuigiziana darasani, mmoja mgonjwa, mmoja mnasihi. Lakini visiwa ni vidogo. Anayeigiza mke aliyeachwa huenda ni jirani yako, na shangazi yake kweli kaachwa mwezi uliopita. Mtu anauliza kwa kukwepa, na anajizoeza kukwepa.

Kasoro zipo. Programu nyingi zimejifunza zaidi kwa Kiingereza, na mgonjwa wake huzungumza kama kipeperushi: "Ninakabiliwa na msongo wa mawazo." Nani Pemba husema hivyo? Mtu atasema kichwa kizito, moyo unapapa. Kama alianzia kwa mganga akaambiwa ana shetani, hatalitaja mpaka akuamini. Mgonjwa wa kompyuta naye ni mwepesi, maswali mawili tu kakumwagia maisha yake yote. Kwa hiyo kadi iandikwe na watu wanaowajua wagonjwa wa huku, kwa mfano muuguzi aliyefanya kazi Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Aitunge kadi hiyo kichwani mwake. Siri ya mgonjwa wa kweli haiingizwi humo hata kidogo.

Turudi kwa mama yetu. Msimamizi ameongeza mstari mmoja kwenye kadi: asimtaje mtoto mpaka aulizwe habari za usiku. Mwanafunzi anaanza upya. Safari hii hasemi usijali.

"Usingizi ukikataa, mama, huwa wafanya nini?"

"Nakaa barazani."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Namsubiri Saidi. Katoka na ngalawa tangu mfunguo sita."