Hova: mstari wa jedwali unaowaka chini ya kishale

Aliyewahi kukaa na karani wa zamani amemwona na rula yake. Daftari likiwa pana, safu tisa au kumi, karani huilaza rula chini ya mstari anaousoma, asije akaanzia kwa Mwanahamisi akamlipa Mwanaidi. Hova ya mstari ni rula hiyo hiyo, ila iko kwenye kioo cha kompyuta. Kishale cha mausi kikifika juu ya mstari wa jedwali, mstari mzima unabadilika rangi. Kikiondoka, rangi inarudi ilivyokuwa. Kwenye HTML, lugha inayoandikia kurasa za wavuti, mstari huandikwa kwa tagi (alama) ya tr, kila seli iliyo ndani yake ni td, na amri ya CSS, lugha inayozipa kurasa rangi na sura, inayosubiri kishale ni :hover.

Leo kazi hiyo inamalizika kwa mstari mmoja wa CSS. Zamani haikuwa hivyo, na mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimemtengenezea ukurasa wa hesabu za machungwa mnunuzi mmoja wa Muheza aliyekuwa na kiofisi chake hapa Tanga, Ngamiani. Kwenye kompyuta yangu jedwali liliwaka vizuri. Nilipolifungua ofisini, mama aliyeshika hesabu akapeleka mausi juu, akashusha chini, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, hiyo taa uliyoisema mbona huku haiwaki?"

"Itawaka, mama, nipe dakika mbili." Dakika mbili zile zikala siku nzima.

Kompyuta yake ilikuwa na Windows XP na Internet Explorer 6, kivinjari (programu ya kufungulia kurasa) cha Microsoft cha mwaka 2001. Kanuni za CSS2, zilizotoka 1998, hazikuifunga :hover kwenye viungo, yale maneno ya kubofya ili uende ukurasa mwingine, peke yake. Kivinjari kiliruhusiwa kuitumia kwa tagi yoyote. Microsoft wao walibaki kwenye viungo, yaani tagi ya a. Ukiandika tr:hover, Internet Explorer 6 haikulalamika wala haikuonyesha kosa. Ilinyamaza tu. Firefox na Opera za wakati huo ziliwasha mstari bila shida, ndiyo maana mtu angeweza kuapa kwamba ukurasa wake ni mzima, na mwenzake akaapa kinyume, na wote wakawa wakweli.

Dawa ilikuwa JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo. Unaupa kila mstari masikio mawili: onmouseover kwa kishale kuingia, onmouseout kwa kishale kutoka. Kikiingia, mstari unavishwa klasi, yaani jina ambalo CSS inaweza kulipa rangi, tuseme "juu", kikitoka, unavuliwa. Kwenye CSS unaweka tr:hover td na tr.juu td pamoja, kwa rangi moja. Kilichonipiga mimi ni kuvisha kwa pupa. Mistari yangu ilikuwa tayari na klasi ya pundamilia, mmoja mweupe mmoja wa kijivu, nami niliandika className = "juu" kana kwamba hakukuwa na kitu. Kishale kilipoondoka, mstari ulibaki mtupu, pundamilia amefutika. Kufikia saa sita jedwali zima lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idi. Ilitakiwa kuongeza jina jipya pembeni ya lile la zamani, kisha kuliondoa lenyewe tu.

Wengine walitumia faili la .htc lililobandikwa kwa amri ya behavior, ambalo lilizisoma kanuni zako za :hover na kuzitekeleza kwa niaba ya kivinjari. Lilifanya kazi, lakini lilikuwa jambo la Internet Explorer peke yake, na toleo la 10 likaacha kulitambua katika hali ya kawaida.

Internet Explorer 7 ilipotoka mwaka 2006, ilikubali :hover kwenye tagi zote, kwa sharti: ukurasa uanze na tamko la DOCTYPE, linalotaja aina ya HTML iliyotumika. Bila tamko hilo kivinjari kiliingia katika hali ya kuiga vivinjari vya kale, na tr:hover ikanyamaza tena. Hata maoni ya HTML, maandishi ambayo kivinjari hakiyaonyeshi, yaliyowekwa juu ya DOCTYPE, labda jina la mtengenezaji na tarehe, yalitosha kukirudisha huko. Nimeona watu wakiandika JavaScript ndefu kutibu ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kufuta mstari mmoja wa majigambo.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hulisingizia vivinjari vya zamani, nalo halina uzee. Umeandika tr:hover na rangi ya njano, lakini mstari hauwaki hata kwenye kivinjari cha jana. Kanuni za CSS hulipaka jedwali kwa tabaka sita: chini kabisa jedwali lenyewe, kisha makundi ya safu, safu, makundi ya mistari, mistari, na juu ya yote seli. Ni kama kitanda. Godoro lako liwe na maua mazuri namna gani, ukishatandika shuka anayeingia chumbani ataona shuka. Seli zikiwa na rangi yake, rangi ya mstari inafunikwa. Ndiyo sababu wazoefu huandika tr:hover td: kishale kinaugusa mstari, rangi inapakwa kwenye seli.

Na hapo pundamilia anaweza kurudi kuleta fujo. Katika mizani ya CSS, :hover ina uzito sawa na klasi moja. Kwa hiyo tr.kijivu td na tr:hover td zinalingana, na inayoandikwa mwisho ndiyo inayoshinda. Ukiweka hova juu na pundamilia chini yake, nusu ya mistari itawaka na nusu itagoma. Ukiona mmoja ndiyo mmoja siyo, usimlaumu Microsoft. Shusha hova chini.

Internet Explorer 11 iliagwa rasmi Juni 2022, kwa hiyo masikio yale ya JavaScript unaweza kuyafuta bila huruma. Simu ndizo zimeleta yake: kidole hakina kishale, na ukigusa mstari unaweza kubaki unawaka mpaka uguse pengine. Kuifungia kanuni ndani ya @media (hover: hover) kunaiacha kwa wenye mausi tu.

Lililobaki ni seli zilizounganishwa kwa rowspan, yaani seli moja inayoshika mistari kadhaa. Kwenye jedwali la machungwa jina la kijiji lilishika mistari mitatu, kwa wakulima watatu. Ukimwendea mkulima wa tatu, kilo na malipo yake yanawaka lakini kijiji kinabaki giza, kwa sababu seli ile ni ya mstari wa kwanza peke yake. Ukiigusa yenyewe, anayewaka ni mkulima wa kwanza. HTML inaruhusu tbody, tagi ya kundi la mistari, nyingi ndani ya jedwali moja, basi kila kijiji nilikipa tbody yake na kuandika tbody:hover td. Kijiji kizima kinawaka pamoja, na ndani yake tr:hover td, iliyoandikwa baadaye, inamkoleza mkulima mmoja kwa rangi nzito zaidi.