Je, wajua? "Bibi wa taa" hakutaka manesi wasajiliwe

Kwenye sherehe ya mdogo wangu ya kumaliza uuguzi, ukumbini Sinza, nilipewa maiki nikatangaza kwa kujiamini kwamba daftari la usajili wa wauguzi atakaloingizwa sasa lilianzishwa na Florence Nightingale, yule Mwingereza aitwaye "bibi wa taa", mama wa uuguzi wa kisasa. Watu wakapiga makofi. Shangazi, nesi mstaafu, alisubiri hadi pilau ifike mezani ndipo akaninong'oneza: "Yule bibi wa taa aliupinga usajili, mwanangu. Tena kwa nguvu."

Nikadhani ananitania. Nilipokwenda kusoma nikamkuta shangazi yuko sahihi.

Chanzo cha kosa langu kinaeleweka. Siku ya Wauguzi Duniani ni 12 Mei, tarehe aliyozaliwa Nightingale mwaka 1820. Kila mwaka mishumaa inawashwa na jina lake linatajwa, kwa hiyo chochote kizuri cha uuguzi tunakitua mlangoni kwake. Isitoshe, mama huyu alipenda makaratasi. Shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, ilifunguliwa 1860, na kila mwezi matroni, mkuu wa wauguzi, alijaza fomu ya kila mwanafunzi: anawahi? Ni mtulivu? Anaaminika? Nadhifu? Anaimudu wodi? Alama zilianzia "bora sana" zikateremka hadi sifuri. Mtu wa namna hiyo anawezaje kukataa daftari la taifa?

Alilikataa, na fomu ile ile inasaidia kueleza sababu. Kwake, tabia ya muuguzi anaijua matroni anayemwona wodini kila siku. Mtihani haupimi subira ya saa tisa usiku, mgonjwa anapoita kwa mara ya sita. Tena jina likishaandikwa linabaki pale pale, hata mwenyewe akiharibika baadaye. Nakiri hoja hii ilinikaa kichwani kuliko nilivyotaka.

Upande wa pili alisimama Ethel Gordon Fenwick, aliyekuwa matroni wa hospitali ya St Bartholomew's, London, akiwa na miaka 24 tu. Mwaka 1887 alianzisha chama cha wauguzi kilichodai daftari moja la nchi nzima. Mwaka 1893 chama kikapata hati ya kifalme, lakini Nightingale na wenzake walikuwa wameshapinga, na hapa ndipo ninapopapenda: hati haikuwapa "rejista". Iliwaruhusu kutunza "orodha".

Ugomvi wa neno moja? Fungua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Mtu ananakili orodha ya michango, anajiongeza namba 14, laki moja, anairudisha kundini. Hakuna aliyemhoji. Asipotoa, jina lake linaendelea kung'aa hadi siku ya ukumbi. Hiyo ndiyo orodha.

Sasa nenda kijiwe cha bodaboda chenye uongozi. Huingii hivi hivi: unajulikana, unapokelewa, unapewa kizibao chenye namba. Abiria hahitaji kukufahamu wewe, anasoma namba mgongoni. Ukimfanyia uhuni, mwenyekiti anakuvua kizibao, na kesho vijiwe vya jirani wana habari. Rejista ni hiyo: ina mlango wa kuingilia, na ina mtu mwenye mamlaka ya kukutoa. Orodha haina vyote viwili.

Mfano wangu unapwaya mahali pamoja. Sheria ya Uingereza ya 1919, iliyokuja miaka tisa baada ya Nightingale kufariki, ilizuia kuvaa kizibao cha uongo, yaani kujiita "muuguzi aliyesajiliwa". Kujiita nesi tu hakukuzuiwa hadi 1943. Wanaume nao waliwekwa kwenye sehemu yao pembeni, wakakaa huko hadi 1949. Na daftari lilipofunguliwa 1921, namba moja alipewa nani? Fenwick mwenyewe.

Nani alitangulia duniani ni suala la unavyohesabu. Koloni la Cape, Afrika Kusini, liliwasajili wauguzi kuanzia 1891, kwa juhudi za Sista Henrietta Stockdale wa Kimberley, ila ndani ya sheria ya madaktari na wafamasia. New Zealand ilipitisha sheria ya wauguzi peke yao mwaka 1901, na tarehe 10 Januari 1902 Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikwa.

Kwetu kazi hiyo ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya sheria ya 2010. Mwenye cheti "anaandikishwa". Mwenye diploma au shahada "anasajiliwa". Juu ya hapo kuna leseni, nayo ina tarehe ya kuisha, na kuihuisha kunadai uonyeshe umeendelea kujifunza. Kwa kiasi fulani hilo linajibu lalamiko la jina kubaki pale pale. Subira ya saa tisa usiku bado haina fomu, labda ile ya matroni.

Nilimrudia shangazi kuomba radhi. Akatoa kwenye bahasha ya kaki cheti chake cha usajili, kimekunjwa hadi mikunjo imekatika, akanitajia namba yake kabla sijaisoma. Namba yake ya simu huwa ananiuliza mimi.