"Mmeniuzia samaki mgonjwa!" na kesi nyingine za kaunta

Anayeuza wanyama wa kufugwa nyumbani hapa Nairobi anamjua mteja wa Jumatatu. Alinunua Jumamosi, jana mnyama amemfia, leo amekuja na mwili ndani ya kopo. Mara nyingi hasira yake ni ya haki ila ameielekeza kusiko. Mara nyingi, si kila mara.

Dhana: Samaki akifa ndani ya wiki, alitoka dukani akiwa mgonjwa.

Kwa kawaida kilichomuua ni maji. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia inayotoka kwa samaki iwe naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina sumu kali. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Tatizo ni kwamba maji yenye amonia hung'aa kama kawaida, kwa hiyo mteja haamini. "Nimebadilisha maji yote jana!" Huenda hapo ndipo alipomalizia kazi: maji ya mfereji, ambayo mengi jijini hutoka bwawa la Ndakaini, hutiwa klorini, na klorini huunguza matamvua.

Usibishane. Sema, "Pole sana mama, niletee hayo maji kwenye chupa." Tia matone ya kupima amonia mbele yake, kisha umwachie kadi ya rangi aisome mwenyewe. Kijani ikitokea, yaani amonia ipo, hana haja ya hotuba yako. Lakini kabla ya somo la kemia, chungulia tangi la duka. Kama wenzake nao wanaelea, mrudishie pesa na uache maneno.

Dhana: Mbwa aliyechanjwa hawezi kupata parvo (ugonjwa wa kirusi unaoharisha damu), kwa hiyo chanjo ilikuwa feki.

Dozi moja ni mwanzo tu. Kinga aliyorithi kwa mama yake huweza kuizima chanjo, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mtoto wa mbwa afikishe wiki 16 hivi.

Hapa kalenda ndiyo shahidi. Dalili huanza kwa kawaida siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, na mara chache hufika 14. Akianza kuhara damu kesho yake, kirusi alikipata kabla hajauzwa, na muuzaji asijitoe. Akiugua mwezi mmoja baadaye, ulizeni kuhusu mbwa aliyewahi kufa katika kiwanja cha mteja. Kirusi hiki hukaa udongoni miezi mingi.

Dhana: Sungura anakojoa damu.

Mkojo wa sungura huweza kuwa wa chungwa au mwekundu kwa sababu ya chakula tu. Akijikamua kwa shida au akikataa kula, basi aende kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dhana: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hii ni yetu sisi wa upande wa ndani wa kaunta, na tumeibandika ukutani kwa herufi kubwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji atoe kitu chenye ubora unaokubalika, na bango haliifuti. Kinachosaidia zaidi ni risiti yenye tarehe, umri wa mnyama na chanjo alizopata, kwa sababu kesi ya parvo bila tarehe ni kelele tu.