Kukaza springi hakuifanyi iwe ngumu

"Fundi, mimi ni mzito, nikazie springi ya nyuma ya pikipiki mpaka mwisho." Wiki hii pekee nimeambiwa hivyo na watu watatu. Kwa yule wa tatu hapakuwa hata na nafasi ya kukaza, maana pete, ile inayozungushwa kwenye shokapu ili kuibana springi, ilikuwa imefika mwisho kabisa. Bado alilalamika kwamba kila tuta linamuumiza kiuno na kila shimo kubwa linaigongesha shokapu mpaka chini. Nilipomwambia anahitaji springi nyingine, hakuniamini. Alikuwa na hakika kwamba kukaza na kuwa ngumu ni jambo moja, na kwamba aliyemkazia mwanzo alikosa nguvu tu.

Dhana: ukikaza pete, springi inakuwa ngumu

Hapana. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya wake, upana wa mizunguko yake, idadi ya mizunguko inayofanya kazi na aina ya chuma. Pete haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Unene wa waya ndio wenye uzito mkubwa kuliko vyote: ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo, kiasi kwamba waya mnene zaidi kwa asilimia 10 tu hutoa springi ngumu zaidi kwa asilimia 46 hivi. Ugumu unapatikana kiwandani waya unapochaguliwa na kukunjwa. Spana haiwezi kuuongeza.

Chukua springi ya newtoni 80 kwa milimita, yaani inayodai nguvu ya newtoni 80 kwa kila milimita inayobonyea. Ikaze kwa milimita 10, na ndani yake mtakuwa na newtoni 800 zilizofungiwa. Shokapu haitaanza kusogea mpaka mzigo uzidi hizo 800. Lakini ikishaanza, milimita inayofuata itadai newtoni 80, na nyingine 80, vilevile kama mwanzo. Zile 800 za kuanzia ndizo zinazowapotosha watu. Mtu anabonyeza kiti kwa mkono, hakisogei, anasema sasa imekuwa ngumu. Anaondoka ameridhika, na baada ya mwezi yuko mlangoni kwangu.

Ligeuze upande wa pili uone. Weka mzigo wa newtoni 4,000 juu ya springi hiyo. Itabonyea milimita 50 kutoka urefu wake wa asili, uwe umeikaza au hukuikaza. Kama pete ilikwishabonyeza 10, mzigo utabonyeza 40. Kama pete ilibonyeza 20, mzigo utabonyeza 30. Urefu wa springi chini ya mzigo huo ni uleule. Tofauti pekee ni kwamba mkia wa pikipiki umenyanyuka. Hiyo ndiyo kazi ya pete: kupanga kimo ambacho pikipiki inasimama nacho ikiwa na mzigo. Ni kazi muhimu, na nitairudia hapa chini, ila haihusiani na ugumu.

Na ukiilazimisha pete ifanye kazi ya springi, kuna unachopoteza. Gurudumu halihitaji kupanda tu. Linahitaji pia kushuka, liingie kwenye shimo na kutoka bila kuachana na barabara. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi inasimama karibu na mwisho wake wa juu, haina pa kushukia. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito unakimbilia mbele, nyuma inanyooka yote na kugonga juu. Kwenye tuta inakataa kuanza, halafu ikianza inazama kwa kasi, kwa sababu waya ni uleule laini. Ndiyo maana yule mteja alipata maudhi ya pande zote mbili, kiuno na kugonga chini. Kwenye shokapu nyingine kuna hatari zaidi: mizunguko imesogezwa karibu mno, inaweza kugusana kabla fimbo ya shokapu haijafika mwisho wa safari yake, na hapo umepanda juu ya bomba la chuma.

Kinachomaliza ubishi ni futi kamba. Sipokei kazi ya shokapu ya mtu mzito bila kupima kwanza, na nakusihi nawe upime kabla ya kununua chochote. Chagua nukta kwenye ekseli ya nyuma na nyingine wima juu yake kwenye mkia. Pima umbali huo mara tatu: gurudumu likiwa hewani kabisa, pikipiki ikiwa imesimama yenyewe bila mtu, na wewe ukiwa umekaa mkao wako wa kuendesha, na helmeti, buti, koti na mzigo unaobeba kila siku. Mtu mmoja ashike pikipiki, mwingine asome futi. Kabla ya kila kipimo, isukume chini taratibu uiachie, usome; kisha inyanyue taratibu uiachie, usome tena; chukua wastani, maana sili, mipira inayozuia oili ya shokapu isivuje, zina msuguano wake.

Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza, upate inavyoshuka kwa uzito wake. Toa cha tatu kwenye cha kwanza, upate inavyoshuka na wewe juu. Kwa pikipiki ya barabarani, ukiwa juu natafuta milimita 30 hadi 40, na bila mtu 5 hadi 15. Pikipiki za porini zenye safari ndefu, yaani gurudumu lake husogea juu na chini karibu milimita 300, huachwa zishuke karibu 100 zikiwa na mpandaji.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Panga pete kwanza mpaka kipimo cha ukiwa juu kiwe sahihi, kisha tazama kile cha bila mtu. Kama pikipiki haishuki hata kidogo kwa uzito wake, springi ni laini mno kwako. Kama inashuka sana, springi ni ngumu mno. Inasikika kama imegeuzwa, najua. Lakini fikiri: ili springi laini ikubebe katika kimo sahihi, imebidi ikazwe sana, na mkazo huo unaishinda pikipiki tupu.

Mteja wangu alikuwa na kilo 105 akiwa amevaa kila kitu. Akiwa juu, milimita 38, na angeweza kuapa kwamba kila kitu ni sawa. Bila mtu: sifuri. Tulitoa springi ya 80, tukaweka ya 100, tukailegeza pete. Akiwa juu ikasoma 38 ileile, bila mtu 6. Nikakaza skrubu ya kurudi, ile inayopunguza kasi ya shokapu kunyooka, mibofyo miwili, kwa sababu springi ngumu inarudisha nguvu zaidi na lazima kitu kiishike, la sivyo kiti kinakurusha. Kimo akiwa juu hakikubadilika hata kidogo, wala shokapu yenyewe haikununuliwa mpya.

"Springi yangu imechoka"

Mara nyingi si springi. Chuma cha springi hakipotezi ugumu wake kwa matumizi ya kawaida. Kinachozeeka ni oili na sili. Pikipiki inayoendelea kunesanesa baada ya tuta inahitaji shokapu ifunguliwe na kubadilishwa oili.

"Nikaze skrubu ya kubonyea badala ya springi"

Skrubu hiyo inabana valvu za oili, njia nyembamba ambazo oili hupita shokapu inapobonyea, na valvu zinajibu mwendo. Ukikaa kimya juu ya pikipiki hakuna mwendo, kwa hiyo hazikubebi. Ukizikaza ili zifanye kazi ya springi, utazama uleule, polepole zaidi, na kila kokoto utalisikia. Oili nzito ni kosa lilelile, na linaharibu mwendo wa kurudi pia.

"Niwekee ya gesi, ndiyo inabeba wazito"

Naitrojeni iliyomo inaishinikiza oili isifanye mapovu, kwa sababu valvu haziwezi kushika povu. Kopo la pembeni nalo linaongeza oili na kusaidia kupoza. Vitu vizuri vyote viwili, hasa safari ndefu kwenye barabara mbovu. Uzito wako bado unabebwa na springi.

"Rafiki yangu mzito ameweka ya 100, nipe hiyohiyo"

Pikipiki gani? Shokapu moja ya katikati hufungwa karibu na egemeo la mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, kwa hiyo husogea kidogo gurudumu linaposogea sana, na athari yake ni ya kipeo cha pili. Gurudumu likisogea mara 2 ya shokapu, springi ya 100 inakuwa 25 kwenye gurudumu. Likisogea mara 3, inakuwa 11 tu. Namba ya springi bila jina la pikipiki haina maana. Na kama una shokapu mbili za pembeni, namba zake ni ndogo kabisa. Usizilinganishe na hizo.

"Shokapu ndefu zaidi itanizuia kuzama"

Itainua nyuma, itabadilisha pembe ya usukani, stendi ya pembeni itakuwa fupi, na mnyororo utapita mahali pengine. Ugumu haujaguswa. Fupi ndiyo mbaya zaidi kwa mtu mzito, kwa kuwa inakunyang'anya safari unayoihitaji kuliko mwingine yeyote.

"Mradi nanunua ya bei kubwa, itanifaa"

Ya bei kubwa ina valvu bora, lakini ikiagizwa bila kutaja uzito huja na springi ya mtu wa wastani. Nimefungua maboksi ya namna hiyo mara nyingi mno. Muuzaji asipokuuliza uzito wako, mwambie mwenyewe: kilo zako ukiwa umevaa, kama unabeba abiria na mara ngapi, mizigo, na aina ya barabara. Usijipunguzie kilo hata moja.

"Nikishaweka springi ngumu naweza kubeba zaidi"

Kikomo cha uzito alichoweka mtengenezaji kinahesabu fremu, rimu, tairi na breki. Hakuna springi inayokiongeza. Toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta kwenye kikomo hicho. Kinachobaki ndicho chenu nyote, wewe, abiria na mizigo. Na upepo wa tairi uweke ule ulioandikwa kwa mzigo mzima, kabla hujaanza kupima kwa futi.