Akikuambia "nimebakwa": maswali ya aliyeambiwa

Nianze kwa kumwambia nini?

Maneno machache: "Pole sana. Nakuamini. Kosa si lako." Kisha nyamaza umsikilize. Usimuulize alivaa nini, alifuata nini kule usiku ule, wala kwa nini hakupiga kelele. Kwa hofu, mwili wa mtu huweza kukakamaa na sauti isitoke kabisa. Akilia, mwache alie. Akisimulia kama habari ya mtu mwingine, macho makavu, usidhani anadanganya.

Twende polisi kwanza au hospitali?

Hospitali, hasa kama saa 72 hazijapita. Dawa kinga dhidi ya VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya muda huo, na kuwahi ni bora zaidi. Humezwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, ila kadiri anavyochelewa ndivyo vinavyopungua nguvu. Atatibiwa pia magonjwa ya zinaa, na anaweza kupewa chanjo ya homa ya ini B.

Tanzania, fomu ya PF3, ya uchunguzi wa daktari, hutoka polisi, ambako unaweza kuuliza Dawati la Jinsia na Watoto; daktari ndiye huijaza. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii mnawapata pamoja. Kenya, hospitali hujaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, na ya polisi ni P3. Simu ya msaada ni 1195.

Anataka kuoga. Nimzuie?

Mweleze tu kwamba maji na sabuni huondoa ushahidi, kisha aamue. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, maana kwenye nailoni huota ukungu. Ameshaoga? Aende hospitali vilevile.

Wazee wanasema tuyamalize kifamilia.

Kikao hukaliwa, faini inalipwa, na kesho yake mtuhumiwa anapita mlangoni akisalimia. Mimi hayo siyaiti kumaliza. Tanzania, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka hufungwa miaka isiyopungua 30. Lakini ikiwa aliyetendewa ni mtu mzima, kushitaki au kutoshitaki ni uamuzi wake, si wako wala wa wajomba. Kwa mtoto hakuna kusubiri kikao: toa taarifa, na namba 116 inapigwa Tanzania na Kenya pia.

Ni tukio la miaka mingi. Bado kuna la kufanya?

Lipo. Vipimo vya VVU na ushauri nasaha havina tarehe ya mwisho. Asipolala, akishtukashtuka, au akitamka kwamba afadhali afe, usimwache peke yake; mfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Nimwambie mama?

Muulize mwenyewe kwanza.