Ubongo wa mzee anayeumwa: MRI inaona nini hasa

Nikisema kwamba utafiti wangu wa baada ya uzamivu unahusu ubongo na maumivu sugu ya wazee, swali linalofuata ni lile lile: kwa hiyo mnayaona maumivu kwenye mashine? Hatuyaoni. MRI ni sumaku kubwa inayonasa mawimbi ya redio kutoka kwenye hidrojeni ya maji na mafuta ya mwili. Mashine za Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ambazo ndizo zinazotumika sana kwenye utafiti, zina sumaku yenye nguvu kushinda ya dunia karibu mara 60,000. Pamoja na ubabe wote huo, njia ya kujua mzee anaumwa kiasi gani imebaki kuwa kumuuliza. Kuanzia 0 hadi 10, goti leo likoje? Akisema 7, tunaandika 7.

Jibu hili huwavunja moyo wengi, hasa walioambiwa hospitalini kwamba picha haionyeshi kitu. Simu ninazopigiwa na ndugu kutoka nyumbani huwa na shida ya upande wa pili: mama amepigwa MRI ya mgongo, majibu yamejaa maneno ya kutisha, diski zimekauka, pingili zimesagika, na ukoo mzima umeanza kuchangishana pesa za upasuaji. Hapo huwa nawatajia kazi moja ya mwaka 2015. Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Kuchakaa kwa diski kulikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani karibu kila mtu wa miaka 80 akipigwa picha atakutwa na mgongo "mbovu", aumwe asiumwe. Sisemi majibu yatupwe. Mguu ukiishiwa nguvu ghafla, au mkojo ukianza kutoka wenyewe, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ila kuchakaa peke yake hakutoshi kueleza kwa nini huyu analala na yule anakesha.

Ndipo watafiti wakageukia ubongo. Kazi iliyofungua mlango ilitoka mwaka 2004, ya Vania Apkarian na wenzake huko Chicago. Walilinganisha watu 26 wenye maumivu sugu ya mgongo na wengine 26 wasio nayo, wakakuta kwamba sehemu ya kijivu ya ubongo, ile yenye miili ya seli za neva, ilikuwa pungufu kwa asilimia 5 hadi 11 kwa wenye maumivu. Wakasema upungufu huo unalingana na ule unaoletwa na miaka 10 hadi 20 ya kuzeeka kwa kawaida. Sentensi hiyo ya mwisho ilisambaa kuliko utafiti wenyewe. Mpaka leo naikuta kwenye mihadhara ikitumiwa kuwatisha wagonjwa: maumivu yanakula ubongo wako. Siipendi hata kidogo, kwa sababu mgonjwa huondoka akiamini kwamba kilichokwenda kimekwenda.

Miaka mitano baadaye, kundi la Arne May la Hamburg lilichapisha utafiti ambao ningependa usambae vivyo hivyo. Walichukua watu 32 wenye nyonga zilizosagika, watu wenye maumivu ya muda mrefu, wakakuta upungufu wa sehemu ya kijivu katika maeneo ambayo tafiti za maumivu huyataja mara nyingi: singuleti ya mbele, insula, sehemu za mbele za ubongo. Kisha wakawafuatilia 10 kati yao ambao baada ya kuwekewa nyonga ya bandia maumivu yaliwaisha kabisa. Wakawapiga picha tena, wiki kadhaa baada ya upasuaji na tena baadaye. Sehemu ya kijivu ilikuwa imeongezeka katika maeneo kadhaa yaliyokuwa yamepungua. Mwaka uliofuata, watafiti wa Oxford nao wakaripoti jambo linaloelekea huko huko kuhusu thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa za hisia, ya wagonjwa wa nyonga.

Fikiria maana yake. Seli za neva za ubongo hazioti upya kwa wingi namna hiyo ndani ya miezi michache, kwa hiyo kilichopungua pale mwanzo hakikuwa seli zilizokufa, au angalau si hizo peke yake. Inawezekana ni matawi ya seli, maji, mishipa midogo ya damu, seli zinazozilea neva. MRI haiwezi kututenganishia hayo. Kuna jambo jingine ambalo msomaji makini atalidaka: mtu aliyepata nyonga mpya anatembea tena, analala vizuri, anarudi msikitini au kanisani, anapunguza dawa. Kipi kati ya hivyo kilirudisha ujazo wa ubongo? Na watu 10 ni wachache mno. Hata hivyo, kwa anayeniuliza kama ubongo wa mzee bado unaweza kubadilika, utafiti huo ndio ninaoanza nao.

Sasa nije kwenye mtego ambao ndio unaonila muda wangu mwingi. Mzee mwenye mgongo au nyonga inayouma tunamlaza chali kwenye bomba jembamba, tunamziba masikio kwa sababu mashine inagonga kama fundi wa mabati, kifaa chake cha kumsaidia kusikia tumeshakiondoa, halafu tunamwambia asitikisike. Baada ya nusu saa anaanza kujisogeza, milimita moja huku, nusu milimita kule. Picha inayotoka unaweza kuitazama usione kasoro. Lakini mwaka 2015 Martin Reuter na wenzake waliwaomba watu wenye afya wachezeshe vichwa makusudi ndani ya mashine, wakaonyesha kwamba kutikisika kunaifanya programu ya kompyuta inayopima picha isome sehemu ya kijivu kuwa nyembamba na ndogo kuliko ilivyo. Umeuona mtego? Mwenye maumivu anatikisika zaidi, anayetikisika anaonekana ana ubongo mwembamba, na mtafiti anaandika makala kwamba maumivu yanapunguza ubongo. Inawezekana sehemu ya alichokipima ni usumbufu wa kulala chali.

Suluhisho la haraka ni kuzitupa picha mbaya. Nalo lina ubaya wake, maana ukitupa picha za waliotikisika sana unawaondoa wale wale wanaoumwa zaidi, unabaki na wagonjwa wenye nafuu. Tayari kuna wengine waliobaki mlangoni: wenye vifaa vya mapigo ya moyo visivyoruhusiwa kwenye sumaku, waliowahi kuingiwa na chembe za chuma machoni, wasioweza kuvumilia mahali pafinyu, wenye kibiongo kisichowaruhusu kulala chali. Sisi hutumia mito chini ya magoti, sifongo pembeni mwa kichwa, vipindi vifupi na mapumziko. Dakika tano za kuzungumza na mzee kabla hajaingia, akajua kelele gani zitakuja na kengele ya kutuita iko mkono upi, nadhani zinasaidia kuliko hisabati yoyote ninayofanya baadaye.

MRI ya utendaji, ile inayotoa madoa mekundu na ya manjano mnayoyaona magazetini, ina tatizo lake kwa wazee. Msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa mwaka 1990: damu iliyoishiwa oksijeni inavuruga sumaku tofauti na damu yenye oksijeni. Kinachopimwa basi ni mwitikio wa mishipa ya damu, na kutoka hapo tunakisia kazi ya neva. Mishipa ya mtu wa miaka 75 mwenye shinikizo la damu haiitiki kama ya mwanafunzi wa chuo. Hata kahawa ya asubuhi inapunguza mtiririko wa damu ubongoni. Tukilinganisha vijana na wazee bila kulizingatia hilo, tunaweza kudhani ubongo wa mzee haushughuliki na maumivu, kumbe ni mishipa tu iliyochelewa. (Wanaoamini madoa mekundu bila maswali nawakumbusha samaki wa Craig Bennett, samoni aliyekufa, ambaye mwaka 2009 alionekana "akifikiri" ndani ya mashine kwa sababu ya takwimu ambazo hazikurekebishwa ili kuondoa matokeo ya bahati tu.)

Kwa sababu hizo nasimama upande wa wanaokataa picha za ubongo kuwa mashahidi mahakamani au kwa kampuni za bima. Mwaka 2017 jopo la IASP, chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, likiongozwa na Karen Davis, lilisema wazi kwamba vipimo hivi havifai kutumika kuamua kama mtu fulani anaumwa kweli au anaigiza. Matokeo yetu ni ya wastani wa makundi. Ndani ya kila kundi lenye maumivu kuna mzee ambaye ubongo wake kwenye picha hauna kasoro, na anaumwa vilevile.

Kazi tunayoweza kuitumainia ni nyingine: kumpiga mtu picha zaidi ya mara moja na kumlinganisha na yeye mwenyewe. Mwaka 2012 Marwan Baliki na wenzake waliwafuatilia kwa mwaka mzima watu walioanza kuumwa mgongo karibuni. Wale ambao maumivu yao hayakuisha walikuwa, tangu picha ya kwanza, na mawasiliano makubwa zaidi kati ya sehemu ya mbele ya ubongo na nyukliasi akumbensi, eneo linalohusika na hamu na thawabu. Si eneo ambalo mtu angelitafuta kwanza akiulizwa maumivu yanakaa wapi. Hao hawakuwa wazee, na ndiyo sababu nataka swali hilo liulizwe upya kwa wenye miaka 65 na kuendelea.

Goti linatupa nafasi nzuri. Upasuaji wa kuweka goti la bandia una tarehe, kiungo kilichosagika kinaondolewa, na chanzo kinachodhaniwa cha maumivu kinatoka nacho. Lakini Andrew Beswick na wenzake walipokusanya tafiti mwaka 2012, walikuta kwamba kati ya asilimia 10 na 34 ya waliowekewa goti bado walikuwa na maumivu makubwa miezi au miaka baadaye, na kwa nyonga asilimia 7 hadi 23. Ninachokitafuta ni kama picha ya kabla ya upasuaji, ikipigwa bila mtikisiko na ikasomwa pamoja na usingizi, huzuni, shinikizo la damu na dawa anazomeza mtu, inaweza kututofautishia atakayepona na atakayebaki na maumivu. Ikiwa dodoso la kurasa mbili litabashiri vizuri kuliko mashine, tutatumia dodoso. Ni rahisi, na halihitaji mtu alale chali.