Pumu: kwa nini dawa ya kutuliza peke yake haitoshi

Kifua changu hubana mara chache tu kwa mwezi. Kwa nini niandikiwe dawa ya kila siku?

Kwa sababu pumu haiondoki kifua kinapofunguka. Njia za hewa za mwenye pumu huwa na uvimbe hata siku anazopumua vizuri, na uvimbe huo ndio unaozifanya zibane upesi, misuli ikikaza na makohozi mazito yakiongezeka, mara anapokutana na vumbi, mafua, moshi wa kuni au hata udi. (Kwa watu wengi wa pwani, kuacha jiko la mkaa ni rahisi kuliko kuacha chetezo, lakini kifua hakitofautishi moshi na moshi.) Inhela ya salbutamol, yaani ile dawa ya kutuliza, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, hulegeza misuli hiyo kwa dakika chache, ila uvimbe hauugusi. Inayotuliza uvimbe ni ile dawa ya kila siku, yaani steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni au budesonidi, ambayo nguvu yake huonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa wataalamu wa pumu, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake.

Je, inhela hulemaza?

Hapana. Kiasi cha steroidi kinachovutwa ni kidogo, na kero zake za kawaida, yaani utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza, hupunguzwa kwa kusukutua na kutema maji baada ya kuvuta. La kutia wasiwasi ni kuhitaji salbutamol zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kuamshwa usiku na kikohozi.

Mtoto wangu hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Nifanyeje?

Tumia chombo cha kuvutia dawa (spacer), yaani kopo linalokaa kati ya inhela na mdomo. Kisipopatikana, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 inatosha: utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Kitako cha chupa hutobolewa tundu linaloenea mdomo wa inhela barabara, kisha pembeni huzibwa kwa gundi ili hewa isivuje. Tikisa inhela, mtoto afumbe midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, naye apumue taratibu mara tano hivi kabla ya kubonyeza tena.

Akibanwa ghafla?

Mketishe wima, usimlaze. Mpe salbutamol mibonyezo minne, mmoja mmoja, subiri dakika nne, na asipopata nafuu rudia huku mkielekea hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye midomo yake inageuka rangi, apelekwe mara moja. Na mlio wa filimbi kifuani ukikatika huku mgonjwa akizidi kulegea, hiyo si nafuu, bali hewa haipiti tena.